Gari la Kumbeba Mama Mkwe

Kifanya,
Jumapili, 12 Januari 2025

Mwanangu Esteria,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku mvua hainyamazi na ukungu unatukalia mpaka jua lipande sana, lakini wote tunakula na kulala vizuri. Barua hii nampa konda wa basi linalotoka Songea, ataiacha dukani kwa shangazi yako.

Najua utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Mtandao hapa nyumbani unapatikana mahali pamoja tu, pale kwenye kichuguu nyuma ya jiko la Bibi yako. Nikisimama pale, Bibi anasikia hata ninavyopumua, na neno lenyewe linamhusu yeye. Siwezi kumzungumzia mama mkwe wangu huku ananisikia.

Neno ni hili. Ile miti ya paina niliyoipanda mwaka uliozaliwa wewe nimeiuza, na sasa nataka kununua gari. Bwana Hilario mwenye yadi hapo Makambako ana magari matatu, na amekubali kuniwekea mpaka mwisho wa Machi. Mimi siwezi kutoka kwa sasa, nina wakatekumeni wa kubatizwa Pasaka na bado wanachanganya sakramenti na amri za Mungu. Wewe umemaliza shule, una macho mazuri na hujui kudanganya. Nenda ukanitazamie.

Kazi ya kwanza ya gari hilo ni kumpeleka Bibi kwao, kule chini ya mlima Liganga, akaonane na mdogo wake Teodora. Hawajaonana tangu magoti ya Bibi yalipokataa ngazi za basi. Wote wawili wamezeeka, na nisipofanya Pasaka hii sijui nitafanya lini. Lakini unajua desturi yetu. Tangu nimwoe mama yako, mimi na Bibi hatujakaa benchi moja, hatujala chakula pamoja, hatujatazamana usoni. Hiyo ndiyo heshima niliyompa siku zote na siwezi kuivunja sasa kwa ajili ya safari. Basi nitafutie gari ambalo mimi nitaliendesha na yeye atalipanda, na heshima yetu ifike salama pamoja na sisi.

Bibi haambiwi. Anajua gari ni la kubebea parachichi.

Baba yako,
Odilo

Lile jekundu nalo litazame. Si kwamba nalitaka.


Mahongole, Makambako,
19 Januari 2025

Baba mpendwa,

Milele, amina. Barua nimeipata. Konda aliita jina langu mbele ya wateja wote, nikajificha nyuma ya magunia ya viazi mpaka Shangazi Prisila alipoipokea.

Yadi nimekwenda. Bwana Hilario alidhani nimekuja kuomba kazi ya kufagia na akaanza kunionyesha ufagio. Nilishindwa kumsahihisha. Shangazi ndiye aliyemweleza, na tangu hapo ananiita Mama Mnunuzi, nami sijui nitazame wapi.

Gari la kwanza ni Mark X ya rangi ya fedha. Ni zuri, limelala chini kama paka anayetaka kuruka, na Bwana Hilario anasema barabara ya lami linaimeza. Kwa magoti ya Bibi ni jema, maana angekaa kwanza kisha aingize miguu. Lakini tumbo lake liko chini mno. Pale kwetu penye mfereji wa shule lingeatamia kama kuku na tungelitoa kwa jembe. Tena aliyekaa nyuma anakaribia kugusa mgongo wa dereva kwa magoti.

La pili ni Prado ya kijani iliyokolea, si mpya lakini haijachoka. Ina safu tatu za viti. Wewe ungekaa mbele, Bibi safu ya nyuma kabisa, na safu ya katikati ingekuwa kama ua kati ya nyumba mbili. Tatizo ni kupanda, iko juu.

La tatu ni lile jekundu. Ni Mustang, la Kimarekani, usukani uko kushoto. Bwana Hilario hulikodisha kwa maharusi, na siku nyingine kuku hulala chini yake. Lina milango miwili tu, Baba. Anayetaka kukaa nyuma, kiti cha mbele kinakunjwa, naye anaingia ameinama. Naomba usinitake nieleze zaidi. Fikiria Bibi, fikiria na wewe umekaa pale mbele.

Brayson wa Shangazi anasema hilo jekundu ndilo, na kwamba ukilipeleka kigangoni waumini watakupigia magoti wewe.

Mimi sijambo. Asubuhi naenda ushonaji. Shangazi ananifundisha na mengine.

Binti yako,
Esteria


Kifanya,
26 Januari 2025

Mwanangu,

Umeeleza vizuri kuliko fundi. Naona Prado. Mwambie Brayson kwamba katekista hapigiwi magoti, ila vijana wasiosali hupigwa viboko.

Kabla sijakata shauri, nifanyie jambo moja. Mwombe Bwana Hilario aiendeshe hiyo Prado, wewe ukae safu ya nyuma kabisa, mahali ambapo Bibi angekaa. Sikiliza kama dereva akikohoa inasikika. Tazama kama shingo yake inaonekana. Nataka Bibi asafiri kama vile simo ndani ya gari.

Na lile jekundu, likiwashwa linasikikaje? Na likizimwa, linanyamaza mara moja au linanguruma kidogo kwanza? Nauliza tu ili nijue.

Hapa watu wanasema mvua ya mwaka huu itaozesha viazi. Mama yako anasema wanasema hivyo kila mwaka.

Baba yako,
Odilo


Mahongole,
2 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nimekaa mahali pa Bibi. Bwana Hilario aliendesha njia ya Njombe mpaka tulipoacha mji, kisha tukageuka. Alikohoa mara nyingi kwa ajili yako, mwishowe akakohoa kweli. Haisikiki sana. Shingo inaonekana kidogo tu.

Lakini kuna jambo ambalo hatukulifikiria. Niliinua macho kutazama mbele, nikakutana na macho ya Bwana Hilario. Alikuwa amenipa kisogo na bado tulikuwa tunatazamana. Ni kile kioo kidogo kinachoning'inia ndani, juu, katikati. Niliona aibu kama mtu aliyefumwa anakula jikoni. Nikahamia safu ya katikati, bado alikuwa ananiona. Niliporudi nyuma kabisa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana kioo kimelengwa huko.

Nikaenda kukaa kwenye Mark X, mambo ni yale yale. Nikaingia nyuma ya lile jekundu, kwa shida, mambo ni yale yale. Kila gari lina kioo hicho. Na kukigeuza haifai, kwa sababu dereva lazima akitazame kabla ya kupunguza mwendo, kabla ya kukata kona, na kabla ya kupita gari lingine. Asiyetazama si dereva.

Kwa hiyo, Baba, si suala la gari lipi. Ukiendesha wewe, utatazamana na Bibi kutoka Kifanya mpaka Liganga.

Lile jekundu nilimwomba aliwashe. Nilimwomba kwa mdomo wangu mwenyewe. Linasikika kama mashine ya kupasulia mbao iliyo bonde la pili, asubuhi, kabla watu hawajaanza kuongea. Na likizimwa, ndiyo, linanguruma kidogo kwanza.

Binti yako,
Esteria


Kifanya,
9 Februari 2025

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa na nikaisoma tena nimesimama. Miaka yote niliyoendesha lori la misheni nilibeba matofali, na tofali halikutazami. Ndiyo maana kioo hakikunijia akilini. Umeniokoa na aibu ambayo ningezikwa nayo.

Basi dereva atakuwa mwingine. Nitamwomba Brayson, ana leseni. Mimi nitakaa mbele kando yake.

Sasa kuna neno lingine, na ninaliandika polepole. Umeandika, "Asiyetazama si dereva." Hayo si maneno yako. Umeandika kukata kona, kupunguza mwendo, kupita gari lingine. Ulipoondoka hapa hukujua hata gari linawashwa upande gani. Nani anakufundisha? Kama kuna kijana dereva anayekuzungusha huko Makambako, niambie mapema. Mimi si mtu mgumu. Aje na mshenga wake, aje mchana, kwa mlango wa mbele.

Baba yako,
Odilo


Kifanya,
9 Machi 2025

Kwako mke mwenzangu Esteria,

Kamwene. Ni mimi Bibi yako Conjesta, mama yako ndiye anayeshika kalamu. Baba yako amekuandikia yapata mwezi sasa na hujamjibu. Kila basi likipita anakwenda barabarani, anarudi na mikono mitupu, halafu anatuambia alikwenda kuangalia mfereji.

Habari za gari ninazijua zote. Baba yako anafikiri mimi ni kiziwi. Anamsimulia mama yako akiwa jikoni kwao, na kati ya jiko lao na langu ni ukuta wa mabanzi. Najua safari ni ya kwa Teodora. Najua habari za kioo. Najua hata lile gari jekundu, maana huiiga sauti yake akidhani yuko peke yake bandani. Usimwambie kwamba ninajua. Amejitahidi sana kunificha, na kumwacha afiche ni heshima yangu kwake.

Lakini na Brayson siendi. Aliwahi kunipeleka hospitali Njombe kwa gari la kukodi, nikamaliza litania ya watakatifu wote kabla ya kufika mjini. Afadhali nife nikiwa sijamwona mdogo wangu kuliko tufe wote njiani kumwendea.

Nasikia una kijana dereva. Ana mkono mtulivu? Kama yupo, mlete atupeleke, nikimkubali nitakuachia awe mume wako wa pili, baada ya babu yako. Kama hayupo, huyo anayejua habari za kona ni nani? Mjibu baba yako. Hatakuuliza tena, yeye naye ana haya kama wewe. Ndiyo mliyorithishana badala ya ng'ombe.

Bibi yako,
Conjesta

Naandika kama anavyosema, sijaongeza wala kupunguza. Mjibu baba yako, mwanangu. Mama.


Mahongole,
16 Machi 2025

Baba mpendwa,

Hakuna kijana. Ni mimi.

Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara nilifika hapo nikachana. Shangazi amesema nisipoiandika leo ataiandika yeye na ataongeza chumvi.

Nilipofika hapa Januari, Shangazi alihitaji mtu wa kumsogezea ile pikapu yake wakati wa kupakia viazi, maana Brayson huamka jua likiwa juu. Akaniambia niisogeze hatua chache. Nikaisogeza. Kesho yake tena, hatua chache zaidi. Kisha akanipeleka uwanja wa mpira wa Mahongole, nikazunguka magoli mpaka mbuzi wakatuzoea. Baada ya hapo aliniandikisha chuo cha udereva, saa za baada ya ushonaji. Ile "asiyetazama si dereva" ni ya Shangazi, huisema huku akinipiga kidole begani. Desemba nilitimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo kila kitu kimekwenda kwa sheria. Wiki iliyopita nilifanya mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani. Aliniuliza maswali, nikajibu, akasema hanisikii. Nikajibu tena, bado hanisikii. Akasema basi washa gari tuone. Tuliporudi alisema amenisikia.

Sikukuambia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Ulinileta nijifunze kushona, na kushona ninajifunza, sketi ya mama iko tayari. Lakini Baba, unajua nilivyo. Mtu akinitazama maneno yananikimbia. Hata kusoma somo kanisani uliponipanga, ulinisomea wewe. Nikishika usukani, watu wananitazama na mimi ninaitazama barabara. Nina kazi ya kufanya, na haya haipati pa kukaa.

Sasa ninasema ninachotaka. Naomba kumwendesha Bibi. Wewe ukae mbele, kushoto kwangu, ambako kioo hakikuonyeshi yeyote. Bibi akae nyuma na mama. Mimi nikitazamana na Bibi kwenye kioo hakuna desturi inayovunjika, mimi na yeye ni watani, tunatukanana tangu nijue kusema.

Ukisema hapana nitaelewa. Ila nimeona niombe mwenyewe, nisiombewe.

Binti yako,
Esteria


Kifanya,
23 Machi 2025

Mwanangu,

Nilisoma nikaenda shambani kukaa juu ya visiki vya paina. Nilikaa sana, mama yako akaja kuniangalia kama naumwa. Nikampa barua. Akaisoma, akacheka, akasema alijua. Kila mtu katika nyumba hii anajua kila kitu isipokuwa mimi.

Sitakuambia ndiyo kwa barua, wala hapana. Jumamosi ninakuja kukamilisha mambo na Bwana Hilario. Tutachukua Prado, na wewe utaniendesha kutoka yadini mpaka mlangoni kwa mama yako. Sitakuelekeza, sitashika kitu, sitasema neno. Nikifika nyumbani nikiwa sijafumba macho hata mara moja, dereva wa Bibi ni wewe.

Mwambie Bwana Hilario alitoe lile jekundu nje kabla sijafika. Nataka tu kulisikia.

Baba yako,
Odilo


Liganga,
Jumatano, 23 Aprili 2025

Shangazi Prisila mpendwa,

Kristo amefufuka. Tumefika, wote wazima, na Prado haina hata mkwaruzo. Nakuandikia nikiwa barazani kwa Bibi Teodora. Yeye na Bibi Conjesta wako ndani tangu jana, wanaongea Kipangwa cha zamani ambacho hata mama hakifuati chote. Wanacheka, wananyamaza, wanaanza tena. Mlango wameufunga, chakula tunakiacha kizingitini.

Siku ile ya yadi uliona mwenyewe Baba alivyovua kofia Bwana Hilario alipoliwasha lile jekundu, na alivyosimama mpaka likazimwa na kumaliza kunguruma. Usilolijua ni kwamba njiani hakusema neno, kama alivyoahidi. Tulipopita Njombe alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe. Tulipofika nyumbani alishuka, akauzunguka mti wa parachichi, akarudi, akamwambia mama, "Hakuna mahali nilipofumba." Basi.

Kumpandisha Bibi ndiko nilikokuogopa kuliko barabara. Kumbe Baba alikuwa ametengeneza ngazi fupi ya mbao za paina, pana, haitikisiki. Aliiweka mlangoni pa gari, kisha akaenda nyuma ya nyumba ili asimwone mama mkwe akiinua miguu. Bibi alipokwisha kukaa nikapiga honi, ndipo Baba akaja kinyumenyume mpaka kwenye kiti chake. Mama alicheka mpaka akapaliwa.

Unajua Bibi na Baba hawajawahi kuwa mahali pa karibu namna ile. Tulipoacha lami Bibi akaniambia, "Mwambie baba yako hapa palikuwa na msitu." Nikamwambia. Baba akasema nimwambie Bibi kwamba anaukumbuka. Bibi akataka aulizwe kama anakumbuka na nyani, Baba akanituma nijibu kwamba nyani mmoja alimwibia mkate. Ikawa hivyo kilima baada ya kilima. Nilikuwa narudia kila neno kwenda mbele na kurudi nyuma kama karani wa mahakama, huku nabadilisha gia. Shangazi, hawa watu walikuwa na maneno ya miaka yote waliyoishi ua mmoja, na hawakuwa na mahali pa kuyaweka.

Karibu na kufika kuna mteremko mrefu wenye utelezi, mvua ilikuwa imepita. Nikashusha gia kama ulivyonifundisha na sikuwa na sikio la mtu mwingine. Bibi akasema nyuma yangu, "Muulize baba yako, siku ile alipokuja kuposa, ni kweli alitembea kutoka misheni?"

Sikurudia. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka tairi.

Baba akasema, "Nilitembea. Viatu nilivishika mkononi visichafuke."

Mama aliacha kusali rozari. Niliitazama barabara tu, sikukitazama kioo, naye Baba aliangalia mbele kama mtu aliyechongwa. Tukafika chini taratibu, tukavuka daraja, nikaongeza mwendo kidogo.

Ndipo Bibi akasema, "Mwambie baba yako nilimwona alivyovivaa nyuma ya zizi. Ndiyo maana nilimkubali."

Nikamwambia, neno kwa neno, ingawa alikuwa amekwisha kusikia.

Wako,
Esteria